Utengeneze nyumbani au ununue? Ulinganisho wa jikoni kwa watu wa Lubumbashi

Wengi husema kitu cha kutengeneza nyumbani hakiwezi kushindwa na cha kununua. Kwa mambo mengine ni kweli, kwa mengine ni kujidanganya, na hapa Lubumbashi kinachotenganisha hayo mawili ni makala, yaani mkaa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, unakuja na kuondoka, gesi ni ya wachache, kwa hiyo sufuria nyingi za mji huu zinaivia juu ya babula, jiko la makala. Mtu anahesabu unga, chachu na sukari, anaona amepata faida, kumbe mkate wake umemaliza makala ya chakula cha jioni.

Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeuliza swali moja kwa kila kitu: je, kinadai moto wake peke yake? Kisichohitaji moto, au kinachoweza kudandia moto wa chakula kingine, tengeneza nyumbani na usiogope. Kinachodai moto wake, kaa chini upige hesabu kwanza. Bei za franka siziandiki, maana zilizoandikwa Jumatatu zinaweza kuwa uongo Ijumaa. Nitaandika kilo, lita na saa. Bei za kartie yenu, mtaa wenu, mnazijua wenyewe.

Unga wa bukari (ugali): meka, mfuko, au punje na mashine

Hapa ndipo pesa nyingi ya nyumba inapopita, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Meka, kopo la kupimia unga sokoni, ni ya aliye na pesa ya leo tu. Uzuri wake unaona unga, unaugusa, unaunusa, na basela, ile nyongeza ya bure, ipo. Ubaya wake unalipia faida ya kila mkono ulioshika mfuko ule kabla yako, tena ujazo unategemea jinsi muuzaji anavyomimina. Akimimina taratibu, hewa inabaki katikati. Akigonga kopo, unga unashuka na nafasi inaonekana. «Mama, gonga kwanza, basela tutaongea baadaye» ni utani wa soko la Kenya na la Mzee, lakini unaleta unga mwingi kuliko kubishania bei.

Mfuko wa kilo 25 kwa kawaida unashusha bei ya kilo moja, na unga wake ni mweupe, umekobolewa. Tatizo ni kwamba mji huu unategemea sana mahindi na unga wa Zambia unaopita Kasumbalesa. Wakisimamisha mauzo ya nje, au malori yakikwama mpakani, bei inaruka kabla mfuko mmoja haujaisha dukani. Mwaka 2024 ukame ulichoma mashamba ya Zambia hadi Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa mwezi wa Februari. Anayeishi kwa mfuko mmoja mmoja hana pa kujificha mwaka kama huo.

Njia ya tatu ni kununua punje na kuzipeleka mashine. Mahindi mapya yanaanza kuingia Aprili na Mei, yanapatikana kwa wingi kiangazi kinapoanza, kisha yanapungua kadiri mvua inavyokaza, kuanzia Desemba hadi Machi. Anayenunua Juni na kusaga kidogo kidogo anakula bei ya Juni wakati jirani anakula bei ya Januari. Ukisaga bila kukoboa, kilo moja ya punje inakupa karibu kilo moja ya unga. Ukikoboa, pumba zinaweza kuchukua robo ya mzigo. Kwa mwenye kuku kwenye lupango (uwanja wa nyumba) hiyo si hasara. Kwa asiye na kuku, amelipa kilo nne akala tatu.

Unga mzima una kasoro mbili. Bukari yake si nyeupe, na wageni wengine wataiangalia kwa jicho la pembeni. Halafu unachacha mapema, kwa sababu kiini cha punje kina mafuta. Saga wa wiki moja au mbili, si wa miezi mitatu. Kwa ladha yangu ni mtamu kuliko ule mweupe, lakini hilo kila nyumba itaamua.

Sasa uhifadhi, maana hapo ndipo watu wanapopoteza kile walichookoa. Kabla ya kufungia mahindi, yapime kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa dakika nzima, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Ikishuka yote chini, yako tayari. Usione ni mchezo wa watoto: mahindi yaliyofungiwa mabichi yanaota kuvu, na kuvu wengine wanaacha aflatoksini, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga.

Yakishakauka, tia kwenye bidoni safi za lita 20, kila moja inabeba kama kilo 15. Jaza, tikisa, jaza tena hadi shingoni, kaza kifuniko. Fukusi waliomo wanamaliza hewa iliyobaki, wanakufa. Bidoni nyingi ndogo ni bora kuliko pipa moja, kwa sababu ukifungua moja, nyingine zinabaki bila hewa.

Kwa hiyo punje inashinda, kwa sharti kwamba pesa ya jumla ipo mwezi wa sita. Na ni wangapi wanayo? Wenye likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, wana njia: mnaweza kukubaliana kwamba mzunguko wa kiangazi haugawi pesa mkononi, unagawa magunia. Kikundi kinachonunua pamoja kinapata bei ambayo mtu mmoja na gunia lake hapati.

Munkoyo au sukre

Hapa sukre, kinywaji kitamu cha chupa, haina bahati. Kilo moja hivi ya unga inatoa lita 10 za munkoyo, kinywaji cha uji na mizizi. Lita 10 za sukre ni chupa 30 za sentilita 33. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuandaa ubatizo au sherehe ya mtoto aliyemaliza shule.

Moto upo, siwezi kuficha, kwa sababu uji lazima uive vizuri. Lakini sufuria moja kubwa inatosha siku nzima kwa watu wengi, na unaweza kuitandika mara chakula cha mchana kinapotoka, makala yakiwa bado mekundu. Pika uji mwepesi, unaomiminika, usionatana. Uondoe motoni uusubiri. Kusubiri huku ndiko wanaoanza wanakoruka. Mizizi ya munkoyo, ile inayouzwa sokoni kwa mafungu, hutoka kwenye mimea ya jamii ya kunde, hasa Rhynchosia na Eminia, na ndani yake mna vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Uji ukiwa wa moto sana vimeng'enya vinakufa na mizizi yako imekwenda bure. Uji ukipoa kabisa vinafanya kazi kwa uvivu. Chovya kidole kilichooshwa: kikiweza kukaa ndani huku kikilalamika kidogo, ndiyo saa yenyewe.

Ponda mizizi hadi iwe nyuzinyuzi, itumbukize, koroga. Muda si mrefu uji unaanza kulegea wenyewe mpaka unakuwa kama maji, na ukionja unakuta utamu ambao hukuutia. Acha ulale usiku mmoja ukiwa umefunikwa, asubuhi chuja. Siku ya kwanza ni tamu, watoto wanaweza kunywa. Siku ya pili uchachu unapanda. Ukiendelea kuuacha unaanza kuwa pombe, na hapo ni mambo ya wakubwa.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Maji ya kupunguzia uzito yawe yametibiwa, kwa sababu yanaingia baada ya moto. Na mizizi nunua kwa mama anayejulikana kwa kazi hiyo. Usiende kuchimba mwenyewe porini kwa kukisia majani. Kuhusu munkoyo wa barabarani, bei yake ni nzuri kweli, ila huwezi kujua maji yake yametoka wapi.

Mkate

Nunua. Najua kuna wanaopenda kukanda, na mkate wa nyumbani unaotoka motoni hauna mpinzani kwa harufu. Kwa pesa, hapana. Tanuri la mkate linapashwa mara moja kwa mikate mingi. Wewe unawasha makala chini na juu ya sufuria kwa mkate mmoja au miwili. Kilo ya unga wa ngano inatoa kilo moja na nusu kasoro ya mkate, na unga wenyewe unaununua kwa rejareja wakati mwoka mikate anaununua kwa jumla. Huwezi kumshinda, labda kama una tanuri la umeme na kartie yenu inapata umeme usiku.

Badala ya kushindana na mwoka mikate, punguza siku za mkate. Viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu ya moto baada ya chakula cha usiku vinaamka vimeiva, na moto huo ulikwisha kuulipia.

Maharagwe: malewa au nyumbani

Kwa kijana anayeishi peke yake, sahani ya maharagwe ya malewa, kibanda cha chakula, si ujinga. Kupika kikombe kimoja cha maharagwe kunakula makala karibu sawa na kupika vikombe vitano. Tena mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 96 badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yetu yanachelewa kuiva kuliko ya mtu wa pwani.

Kwa familia, nyumbani kunashinda, ila kwa njia ya kikapu. Loweka maharagwe tangu jioni, mwaga maji yale, tia mengine. Chemsha kwa nguvu nusu saa nzima, yakitokota kweli. Kisha funika sufuria vizuri, iipue motoni ikiwa bado inachemka, iweke ndani ya kikapu kikubwa au katoni iliyojazwa nguo kuukuu na mablanketi, ifunike juu pia, usiiguse kwa saa tatu au nne. Maharagwe yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe, na babula imekwisha kupika kitu kingine. Kabla ya kula, rudisha motoni yachemke tena na uunge.

Ile nusu saa ya kutokota usiikate. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yakipashwa moto wa kiasi tu bila kuchemka, tumbo litakusimulia usiku. Chumvi na nyanya vitie mwishoni, maana nyanya inagomesha maharagwe kulainika.

Karanga ya kusaga

Tengeneza mwenyewe. Kilo ya karanga inatoa karibu kilo ya siagi, kukaanga kunafanyika kwenye makala yanayokufa, na ukisaga mwenyewe unajua hakuna unga wa mahindi uliochanganywa humo. Toa punje zilizosinyaa, zenye rangi mbaya au kuvu, hata kama roho inauma. Aflatoksini inapenda karanga kama inavyopenda mahindi.

Maji ya kunywa

Maji ya chupa kwa matumizi ya kila siku hayahitaji mjadala, ni ghali. Mjadala uko kati ya njia za nyumbani, na wengi bado wanachemsha kwa mazoea.

| Njia | Moto | Muda | Kasoro |
|---|---|---|---|
| Kuchemsha | Ndiyo, wake peke yake | Dakika 1 tangu yatokote kwa nguvu | Makala, na kusubiri yapoe |
| Vidonge vya klorini | Hapana | Dakika 30 | Ladha. Maji yawe yamechujwa |
| Jua | Hapana | Saa 6 za jua kali, siku 2 za mawingu | Chupa ndogo ndogo nyingi |

Dakika moja inatosha. Wanaochemsha robo saa wanachoma makala bure. Njia ya jua inafaa sana hapa kwetu kati ya Mei na Oktoba, wakati anga haina wingu. Chupa iwe ya plastiki angavu isiyo na rangi, isizidi lita mbili, maji yawe meupe kiasi cha kusoma maandishi kupitia humo, na ilazwe juu ya bati, isisimamishwe. Masika yakija, rudi kwenye vidonge. Ukitumia javel (klorini ya maji) badala ya kidonge, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ile yenye manukato ni ya kufulia tu.

Kuna jambo ambalo jedwali halisemi. Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayoondoa metali, na sisi tunaishi kati ya migodi ya shaba na kobalti. Kisima kilicho jirani na mgodi au kiwanda cha kuchenjua usikifanye cha kunywa. Ukichemsha maji yake, maji yanapungua, metali inabaki yote.

Sabuni

Mitandaoni kila wiki kuna mtu anafundisha kutengeneza sabuni ya mche. Kwa Kongolo au Kasai, ambako mawese yanakamuliwa jirani, inaweza kulipa. Mafuta yanayofika Lubumbashi yamesafiri mbali, na ni yaleyale tunayoungia sombe (majani ya mihogo). Hesabu iko hivi: kilo moja ya mawese inahitaji gramu 134 hivi za soda kali na karibu gramu 330 za maji. Unapata kama kilo moja na nusu ya sabuni mbichi, ambayo inapungua uzito ikikauka kwa wiki nne. Linganisha bei ya hiyo kilo ya mawese peke yake na ya miche ya dukani yenye uzito sawa. Mara nyingi duka linashinda kabla hujafika kwenye soda.

Ukiamua kuifanya, labda kwa kikundi kinachonunua mafuta kwa bidoni, soda ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu inachemka na kuruka. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali, na usitumie sufuria ya aluminiamu: soda inaila na kutoa gesi inayowaka. Kwa kusugua sufuria sabuni si lazima. Majivu ya babula yaliyochekechwa yanang'arisha vizuri, na ni ya bure.

Makala yenyewe

Gunia au kidogo kidogo? Ni hesabu ileile ya meka na mfuko, ila hapa kuna ujanja wa msimu. Mvua ikianza, barabara za porini zinaharibika, tanuri za wachoma makala zinalowa, na makala yanapanda. Mwenye pa kuyaweka pakavu anunue gunia la ziada kabla ya Novemba. Andika kwa chaki ukutani tarehe uliyofungua gunia. Likiisha unajua siku zake, na ukigawa bei kwa siku hizo unapata gharama ya moto wa siku moja. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha na mkate, munkoyo na kila kitu nilichotaja hapo juu.

Chini ya gunia kunabaki vumbi na chenga, na watu wanamwaga. Usimwage. Pika uji mzito wa unga wa mihogo, uchanganye na vumbi mpaka tonge likishikwa lisiachane, finyanga madonge ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, anika juani siku kadhaa hadi yakauke mpaka ndani. Jaribu kwa kuvunja moja: katikati likiwa jeusi lenye unyevu, bado. Madonge haya yanashika moto polepole na hayatoi joto kali, kwa hiyo kwa kukaanga au kusonga bukari ya haraka hayafai. Kwa maharagwe, kwa uji wa munkoyo na kwa kupasha maji ya kuoga ni mazuri, ukiyaweka juu ya makala machache yaliyokwisha kushika.

Na kwa baridi ya Juni na Julai: babula, iwe ya makala au ya madonge, isilale chumbani na watu. Gesi yake haina harufu wala haionekani, na inaua watu usingizini. Itoe nje hata kama makaa yamebaki mawili matatu.